Pamba, Sufu na Mkonge: Siku ya Gulio Mlola

Anayetaka kuvijua vitambaa asianzie Kariakoo. Aende Mlola siku ya gulio, mwezi wa Juni au Julai, asubuhi ambayo ukungu umekalia migomba na jua bado halijapata njia. Katika miji ya joto mtu hununua nguo kwa rangi na mshono, basi. Huku milimani nguo inapimwa na hali ya hewa yenyewe, na majibu yanaonekana siku hiyo hiyo: kijana mwenye koti jipya linalong'aa anajikunyata, na pembeni yake bibi aliyevaa sweta kuukuu la sufu, kanga mbili mabegani, anauza maharage bila wasiwasi wowote.

Kufika si taabu kwa mtu asiye na haraka. Ukishuka Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, unapanda mlima kilomita 33 hadi Lushoto, ukipita Soni na maporomoko yake. Kutoka Lushoto unapanda tena hadi Magamba, penye msitu wa hifadhi, kisha unaelekea kaskazini-mashariki. Kutoka mjini hadi Mlola ni kilomita 30 na kitu, na zote ni za kona, mikaratusi, na mashamba yaliyolimwa kwenye miteremko ambayo mtu wa pwani angeogopa hata kusimama. Ng'ambo ya Mlola milima inateremka kuelekea bonde la Umba, mto unaozaliwa katika msitu wa Shagayu na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, mpakani na Kenya. Usambara nzima naipenda. Mlola ndiyo ninayoirudia, kwa sababu watu wake wana mikono inayojua vitu.

"Onga maundo," unaamkiwa njiani kwa Kisambaa, nawe unajibu "Niwedi." Baada ya hapo Kiswahili kinashika nafasi, na biashara inaanza.

Mitumba hutandazwa chini juu ya maturubai. Belo likifunguliwa, akina mama huinama wote kwa pamoja, na hapo ndipo utaona elimu ninayoisema. Hakuna anayehangaika na kile kilebo cha shingoni. Mama anakamata sweta, analifinyanga kiganjani, analiachia aone kama litajikunjua lenyewe. Analisugua shavuni. Analivuta pindoni. Jirani yake akimwuliza, anajibu kwa neno moja, "Sufu," au anatikisa kichwa tu na kulirudisha kwenye lundo. Nimeona sweta zuri la rangi ya maziwa likitupwa hivyo na wanawake watano mfululizo, kisha likanunuliwa na mgeni kama mimi.

Fundi mmoja mwenye cherehani ya kukanyaga, mzee aliyejibanza kwenye baraza ya duka, alinionyesha njia yake ya kumaliza ubishi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanivutia kigoda. "Kaa hapa, mjukuu wangu, uone." Akachomoa nyuzi tatu: mmoja kwenye kipande cha kanga, mmoja kwenye sweta la mtumba, mmoja kwenye gauni lililoletwa kupunguzwa. Akawasha kiberiti. Uzi wa pamba ulishika moto upesi, ukanuka karatasi, ukaacha majivu mepesi ya kijivu ambayo upepo uliyachukua. Wa sufu uliungua kwa kusitasita, ukajikunja na kunuka nywele. Alipoondoa moto ukazimika wenyewe, ukabaki kijitonge kinachosagika kwa vidole. Wa gauni, ambao ulikuwa poliesta, haukungoja hata kuguswa na moto. Ulisinyaa ukarudi nyuma, ukayeyuka, ukaacha tone jeusi lililoganda na kuwa gumu. Akaniwekea tone lile kiganjani. "Hili hata ukilizika," alisema, "mjukuu wako atalifukua na jembe."

Ana haki ya kusema hivyo. Poliesta ilipatikana Uingereza mwaka 1941, kazi ya wakemia wawili, Whinfield na Dickson. Nailoni iliitangulia kwa miaka michache, mwaka 1935, katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani. Zote mbili ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi, na poliesta ya leo inatokana na mafuta ya petroli. Uzi wa poliesta maji hauyataki, huyanyonya kidogo mno, hata asilimia moja ya uzito wake haifiki. Pamba huyanywa na kuyashikilia, na ndiyo maana shati la pamba likilowa ukungu linageuka kuwa adhabu. Sufu ina maajabu yake: inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajauhisi, huku hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi zake zilizojikunja ikilinda joto la mwili. Bibi wa maharage hahitaji kusomewa hesabu hizo. Amezivaa miaka yote.

Lakini msafiri akija Mlola na hukumu yake tayari, kwamba cha asili ni chema na cha kiwandani ni kibaya, atarudi hajajifunza kitu. Mwulize mama mwenye watoto wa shule. Sare ya pamba tupu ikifuliwa jioni ya Julai, kesho asubuhi bado mbichi, na keshokutwa pengine pia. Sare ya tetroni, pamba iliyochanganywa na poliesta, ikitundikwa jikoni karibu na mafiga, alfajiri inavalika, na haidai pasi. Kwa mama huyo poliesta ni saa moja zaidi ya usingizi na mtoto anayefika shuleni nadhifu. Chandarua juu ya kitanda cha mtoto ni vilevile: kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua ambavyo dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe wa plastiki, na pamba isingeweza kazi hiyo.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo pamba haina mshindani, nayo ni mgongoni. Njia za Mlola zinapanda na kushuka, na mwanamke anazipita akiwa na mtoto nyuma na mzigo kichwani. Mbeleko yake ni kanga. Tazama anavyofunga: anainama, anamweka mtoto, anaipitisha kanga juu ya bega moja na chini ya kwapa, anakaza fundo kifuani, anajitikisa mara moja, anasimama. Fundo la pamba linajing'ata. Nyuzi zake zina vinyweleo vinavyoshikana, na kila jasho na umande vinavyoongezeka ndivyo linavyozidi kukaza. Kanga za poliesta zimejaa siku hizi, rangi zake kali, bei yake rahisi, na kwa kujifunga kiunoni nyumbani hazina neno. Mgongoni zinateleza. Kwenye mteremko wenye tope, na mtoto mgongoni, kuteleza kwa fundo si jambo la kujaribu. Kwa hiyo mwanamke anayenunua kanga ya mbeleko huinyanyua kuelekea mwangani atazame msuko, kisha huifikicha pembe moja kwa nguvu ili wanga wa kiwandani utoke na uzi wenyewe ujionyeshe. Muuzaji anamwacha afanye. Anajua asipomwacha hauzi.

Kwenye duka hilo hilo la kanga utakuta majora matatu ambayo hayakosekani: bafta nyeupe, kaniki nyeusi, na kile kitambaa chekundu wanachokiita bendera. Vyote vya pamba. Kaniki na bendera hununuliwa na waganga, na Usambara ni nchi ya waganga mashuhuri. Bafta ni sanda. Nimeuliza kama kuna aliyewahi kutaka sanda ya poliesta, na muuzaji alinitazama kana kwamba nimemtukana marehemu.

Pamba yenyewe haikuanza hapa. Vitambaa vilipanda milima hii kutoka pwani, vichwani mwa wapagazi, kupitia bonde la Pangani. Mmisionari Johann Krapf alipofika Vugha mwaka 1848 kumwona Kimweri ya Nyumbai, mfalme wa Usambara kutoka ukoo wa Wakilindi, nguo za kuletwa zilikwishakuwa alama ya ukubwa na zawadi ya kupelekewa wakubwa. Iliyotamba kupita zote ilikuwa merikani, shuka nzito isiyopaushwa, iliyofika Unguja kwa merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya Sultani Said kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua soko. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake mwanawe Semboja, aliyekaa chini Mazinde penye njia ya misafara, akawa na nguvu kuliko waliokaa juu Vugha. Mazinde palikuwa na bunduki na nguo, na bei yake mara nyingi ilikuwa watu. Majora yale, yaliyofumwa kwa pamba iliyochumwa na watumwa Marekani, yalinunua watumwa huku kwetu. Mtu akishika merikani ya zamani ajue alichoshika.

Kutoka kwenye nguo nenda upande wa kamba. Wasafiri wengi huupita bila kuutazama, lakini ndiyo sehemu ya gulio ninayoipenda zaidi. Zipo za aina tatu. Manila, ya plastiki, ya buluu au kijani, imeviringwa kwenye magurudumu na inauzwa kwa mita. Katani, ya mkonge, rangi ya nywele za mahindi, inauzwa kwa vipande vilivyokwisha sokotwa. Ya tatu haiuzwi kwa sababu kila mtu anayo shambani: magome makavu ya mgomba, yaliyochanwa na kuloweshwa kidogo. Kila moja ina kazi yake, na hakuna anayebishana. Kabichi zikipandishwa juu ya lori ni manila, kwa kuwa mvua haiiozeshi na ni nyepesi. Ng'ombe anafungwa kwa katani, maana haimkati shingo na fundo lake halifunguki usiku. Nyanya zinafungwa kwenye mambo zake kwa gome la mgomba, laini kwa shina changa, na msimu ukiisha linaoza palepale na kuwa mbolea. Kina mama huliviringa gome hilo hilo kuwa kata ya kuwekea ndoo kichwani.

Babu mmoja alikuwa akisokota katani pajani pake, singa zikiwa zimemlalia gotini, nyeupe na ndefu. Aliongeza singa mpya kila ya zamani ilipokaribia kuisha, bila kutazama, huku akizungumza na mimi na wateja wengine wawili. Mahali pa kuungia sikuweza kupaona hata nilipoinama. Nikapitisha kidole, nacho kidole hakikuona.

Singa zile zina historia nzito kuliko kamba yenyewe. Wakati wa kuja, kabla hujafika Mombo, umepita kando ya mashamba ya mkonge ya Korogwe, mistari iliyonyooka mpaka miguuni mwa milima. Mmea huo ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, ukoo wake ukiwa Yucatán nchini Mexico. Vilivyosalia hai ni 62. Kutokana na hivyo 62 Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani, na mwaka 1964 ilifikisha takriban tani 230,000 za singa. Hesabu hiyo ifikirie pamoja na nyingine: katika uzito wa jani la mkonge, singa ni kama asilimia 4 tu. Yaliyobaki ni maji na makapi yanayotoka kwenye korona, ile mashine ya kukamua, kabla singa hazijaoshwa, kuanikwa kwenye nyaya na kupitishwa kwenye brashi. Milima ya majani ilikatwa kwa mkono ili tani hizo zipatikane.

Wengi wa waliokata hawakuwa Wasambaa, wenyeji wa milima hii. Wajerumani walijaribu kuwalazimisha. Kuanzia mwaka 1907 hivi mwanamume wa Usambara Magharibi alipewa kipande, kadi ya kazi iliyomdai siku 30 za kazi kwa mlowezi kila miezi minne. Wasambaa walikuwa na ndizi zao, mahindi na maharage, na kila walipoweza walibaki milimani. Mkonge ukatafuta manamba mbali: Wamakonde, Wabena, Waha, Warundi, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua, SILABU. Ndiyo maana ukikaa Korogwe au Muheza leo utakutana na majina ya ukoo kutoka kila kona ya nchi. Nami nikiitazama migomba ya Mlola, iliyopandwa mpaka mlangoni mwa nyumba, naiona kama ukuta uliowalinda watu hawa.

Kisha ikaja manila. Soko kubwa la mkonge lilikuwa kamba ya kufungia nyasi na nafaka katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Plastiki ya polipropilini, iliyopatikana miaka ya 1950, ikawa kamba ya bei nafuu, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge ikaporomoka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967 wakati soko likiwa linakimbia tayari, na kufikia mwisho wa karne uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. Umepanda tena tangu hapo: singa zinatakiwa kwa mazulia, kwa vitambaa vya kung'arishia chuma, na mafundi wa jipsamu wanazichanganya kwenye dari zao. Nusu ya kiwango cha 1964 bado haijafikiwa. Pale gulioni gurudumu la manila na mafungu ya katani yamekaa jirani juu ya turubai moja, mwuzaji mmoja.

Jambo moja linanisikitisha, nami nitalisema. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, uamuzi mzuri kabisa. Mifuko iliyochukua nafasi, ile laini inayoonekana kama kitambaa, kwa sehemu kubwa ni polipropilini ile ile. Fundi aliwasha njiti nyingine ya kiberiti kunionyesha, na uzi wake uliyeyuka sawasawa na ule wa gauni. Viroba vya mazao ni hivyo hivyo: vikikaa juani miezi michache vinakatika vinyuzi vinyuzi, na vinyuzi hivyo utavikuta vimeingia kwenye udongo wa matuta ya karoti. Nchi yenye mkonge tele, na wilaya yenye wanawake wanaosuka ukindu, ingeweza kumshikisha kila mnunuzi kikapu chake yenyewe. Bado inaweza.

Ukindu ndio nilioacha wa mwisho, maana wauzaji wake hukaa pembezoni. Makuti yake machanga hukatwa mabondeni, huanikwa, huchanwa nyembamba, mengine hutiwa rangi za dukani: zambarau, kijani, nyekundu kali. Mwanamke husuka ukili mmoja mrefu, upana wa kiganja, kwa wiki na wiki, akiwa njiani, akiwa msibani, akiwa anasubiri zamu kisimani. Ukili ukitosha, anaushona ubavu kwa ubavu mpaka unakuwa mkeka. Bibi niliyenunua kwake aliugeuza mkeka chini juu na kuniambia, "Usitazame rangi, mwanangu. Tazama mshono wa huku nyuma." Mshono wa nyuma ulikuwa ukindu pia, si uzi wa nailoni, na umepitishwa ndani ya kingo za ukili kiasi kwamba mahali pa kuungana pamepotea. Alitaja bei. Nilikuwa nimejiandaa kuomba anipunguzie, nikaona haya, nikalipa.

Ukienda, nenda mapema, maana magari ya kurudi Lushoto siku ya gulio hujaa upesi. Vaa sufu ndani na kitu cha kuzuia mvua juu. Chukua pesa taslimu ndogondogo. Nunua kanga ya pamba hata kama huna mtoto wa kubeba, na kipande cha katani kutoka kwa babu yule ukimkuta. Utingo atataka kuutupa mkeka wako juu ya gari, aufunge kwa manila pamoja na matenga na viroba. Mwombe kwa adabu akuachie uingie nao ndani, uusimamishe kati ya magoti, kwa sababu huko juu kamba itaula ukingo kabla hamjafika Magamba.